Upele umeisha, vinundu vimegoma kuondoka

*"Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, naishi Uyole, Mbeya. Desemba mtoto wetu wa sekondari alirudi kutoka bweni akiwa na upele, na kufikia Januari nyumba nzima tulikuwa tunajikuna. Tulipaka BBE, ile losheni ya upele, siku tatu, wote tukapata nafuu. Mimi nimebakiwa na vinundu kumi na kimoja: saba kwenye mfuko wa korodani na uume, vitatu kwapani, kimoja karibu na kitovu. Ni vigumu, vina rangi ya kahawia, na usiku vinawasha mno. Nimerudia BBE peke yangu mara sita, nikanywa na vidonge vya ivermektini mara moja, wapi! Duka la dawa wakanipa krimu ya mchanganyiko, nikapata nafuu wiki moja, nilipoacha vikarudi. Mke wangu, ambaye ananyonyesha mtoto wa miezi saba, ameanza kuniuliza maswali. Je, wale wadudu bado wamo ndani ya vinundu? Ni ugonjwa wa zinaa? Inaweza kuwa saratani? Mtoto mkubwa yupo nyumbani likizo ya Juni, naye namwona anajikuna kidogo vidoleni, ila nadhani ni baridi tu."*

Marahaba, ndugu yangu. Pole kwa miezi mitano ya kukosa usingizi.

Nikujibu kwanza ulichouliza. Kwa jinsi unavyovieleza, na hasa kwa mahali vilipo, hivi vinaelekea sana kuwa vinundu vinavyobaki baada ya upele. Wadudu hawajajificha humo. Saratani haianzi hivi, vinundu vingi kwa mpigo mara tu baada ya upele. Na BBE yako ya mara sita haikushindwa kwa ubovu wa dawa. BBE kazi yake ni kuua kidudu, na kwenye vinundu vya miezi mitano hakuna kidudu wa kuuawa. Ulichobakiwa nacho ni hasira ya ngozi yako mwenyewe, na hiyo ina dawa nyingine kabisa.

Ila sentensi yako ya mwisho, ile uliyoitaja kama jambo dogo, ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vinundu vyote kumi na kimoja. Mtoto aliyetoka bweni, aliyewahi kuugua upele, anajikuna katikati ya vidole. Hilo usilisingizie baridi mpaka mtu amemwangalia. Nitaeleza kwa nini linagusa hata matibabu yako.

Tuanze na chanzo. Kidudu wa upele ni mdogo sana. Jike lake halifikii hata nusu milimita. Huchimba kwenye tabaka la juu la ngozi, akitembea na kutaga mayai mawili matatu kwa siku, na huishi hivyo wiki nne hadi sita. Watu hudhani mgonjwa wa upele ana maelfu ya wadudu mwilini. Mgonjwa wa kawaida ana majike kumi hadi kumi na tano tu. Muwasho wote ule wa usiku hauletwi na wingi wao. Unaletwa na kinga ya mwili inayopambana na mate yao, kinyesi chao, maganda ya mayai na mizoga yao. Ndiyo maana mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, mpaka kinga ijifunze kumtambua mgeni. Akiambukizwa mara ya pili, kinga inakumbuka, na muwasho unaanza ndani ya siku moja hadi nne.

Dawa inapoua wadudu, mabaki yao hayatoweki siku hiyohiyo. Yanabaki ndani ya ngozi, na kinga inaendelea kuyashambulia. Mtu yeyote wa huku kwetu aliyewahi kutolewa funza anaujua mwendo huu: funza ametoka, lakini mguu unaendelea kuwasha na kuvimba siku kadhaa. Kwa wagonjwa wengi wa upele muwasho wa namna hiyo huisha ndani ya wiki mbili hadi nne baada ya matibabu sahihi. Kwa wachache kinga hugoma kutulia. Askari wa mwili hujikusanya kwenye sehemu ile, tena chini kidogo ya ngozi, na mkusanyiko huo ndio unaoupapasa kama kinundu kigumu, chekundu au cha kahawia, cha ukubwa wa punje ya mtama hadi harage. Vikiachwa vinaweza kukaa miezi, wakati mwingine hata mwaka mzima.

Mahali vinapopenda kukaa panajulikana: mfuko wa korodani, uume, kinena, makwapa, makalio, kuzunguka kitovu, na kwa wanawake kuzunguka chuchu. Kwa watoto wachanga hutokea makwapani, mgongoni na tumboni, hata kwenye nyayo. Mwanaume mwenye vinundu vinavyowasha kwenye mfuko wa korodani baada ya nyumba nzima kuugua upele amebeba picha ambayo mganga mzoefu wa ngozi huitambua kwa kuiangalia tu. Na kila unapokikuna kinundu unakichochea: ngozi inajeruhiwa, inakuwa nene, mishipa ya fahamu ya pale inazidi wepesi wa kuwasha, unakuna tena. Vipo vinundu ambavyo upele ulivianzisha, lakini kucha ndizo zinazovilisha hadi leo.

Sasa, utajuaje kama kuna upele hai au ni mabaki tu? Angalia mambo matatu. La kwanza, je, kuna vipele vipya sehemu mpya? Vinundu vya mabaki havizai. Vinakaa palepale vilipoanzia. Upele hai huleta vipele vidogo vipya katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni pale mkanda unapopita, kwenye mikunjo ya makalio. La pili, je, kuna mwingine ndani ya nyumba anayewashwa, hasa usiku? La tatu ni mifereji. Tafuta kijistari cha kijivu kilichopinda, cha urefu wa milimita chache, mara nyingi katikati ya vidole au upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Ukiwa na shaka, chukua kalamu ya wino unaooshika, paka wino juu ya sehemu hiyo, subiri nusu dakika, kisha futa kwa pamba yenye spiriti. Wino wa juu utatoka, lakini kama pana mfereji, wino utakuwa umezama humo na utaona mstari mwembamba uliopinda ukibaki. Usipouona, bado hujathibitisha kwamba hakuna upele. Ukiuona, umepata jibu.

Kwako wewe, vinundu vilevile, sehemu zilezile, miezi mitano, bila kipele kipya: hayo ni mabaki. Kwa mwanao, sijui, na wewe pia hujui bado. Mwangalie leo mchana kwenye mwanga wa jua, vidole, vifundo vya mikono, kiuno na makalio, umfanyie na jaribio la wino. Kisha mpeleke zahanati au kituo cha afya waangalie wenyewe. Ikithibitika si upele, ruka sehemu inayofuata, nenda moja kwa moja kwenye krimu. Ikithibitika, au mganga akibaki na shaka, nyumba nzima mnatibiwa upya kabla wewe hujagusa krimu yoyote ya vinundu. Sababu ni kwamba krimu za vinundu hutuliza kinga. Ukizipaka huku wadudu hai wanarudi kutoka kitanda cha pili, zitaficha dalili, ngozi itaonekana safi, nao watazaliana kwa raha.

Nikitazama mlivyofanya Januari, naona mambo mawili yaliyoacha mlango wazi. Mlipaka siku tatu, vizuri, lakini hamkurudia wote pamoja baada ya siku saba. Ulirudia wewe peke yako. Na ivermektini uliimeza mara moja. Dawa hiyo haiui mayai. Yai huanguliwa baada ya siku tatu nne, na kidudu huhitaji kama wiki mbili kukomaa, kwa hiyo dozi ya pili baada ya siku 7 hadi 14 ndiyo inayowakamata waliozaliwa baada ya ile ya kwanza. Dozi moja ni nusu ya kazi.

Mkitibiwa safari hii, chagueni jioni moja, watu wote wa nyumba, hata dada wa kazi na mgeni anayelala hapo, awe anawashwa au hawashwi. Kateni kucha. Ogeni kwa maji ya uvuguvugu, mjikaushe, ngozi ipoe. Ngozi yako imeshachomwa na BBE mara sita, kwa hiyo kwako, kwa mama anayenyonyesha na kwa mtoto ningechagua krimu ya permethrini ya asilimia 5, ingawa ni ghali kuliko BBE na hukuti kila duka. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 30 kwa kupaka mara moja. Inapakwa kuanzia chini ya taya hadi nyayo bila kuruka kitovu, kinena, mfuko wa korodani, mfereji wa makalio, katikati ya vidole vya mikono na miguu, na chini ya kucha. Inakaa saa 8 hadi 14, yaani usiku mzima, ndipo unaoga. Ukinawa mikono usiku, paka tena mikononi. Rudieni wote siku ya saba.

Mtoto wa miezi saba anapakwa permethrini hiyohiyo, ila kwake na kichwa na uso vinapakwa, ukikwepa kuzunguka macho na mdomo, kisha mvishe soksi mikononi asilambe. Mama asafishe chuchu kabla ya kunyonyesha, apake tena akimaliza. Permethrini ikikosekana, famasia ya hospitali inaweza kutengeneza marhamu ya salfa ya asilimia 5 kwa mtoto, yaani gramu 5 za salfa ndani ya gramu 95 za vaselini, apakwe usiku tatu mfululizo. Inanuka na inachafua nguo, lakini ni salama kwa mtoto na hata kwa mjamzito. Tafadhali, iwe salfa ya famasia. Ile ya duka la pembejeo, ya kupulizia mimea, si ya ngozi ya mtoto.

Mwanao mkubwa anaweza kutumia BBE ya asilimia 25: kupaka jioni, kukaa nayo saa 24, kuoga na kupaka tena, jioni tatu mfululizo, na kurudia baada ya wiki. Hapa ndipo familia nyingi hukosea bila kujua. Chupa moja ya mililita 100 inagawanywa watu watano, baba anapaka mikono na kifua, mama anapaka panapowasha, mtoto anapata matone ya mwisho. Kidudu aliyekuwa kiunoni hakuguswa. Dawa ya upele hupakwa ngozi nzima, palipo na kipele na pasipo na kipele.

Ivermektini ni njia nzuri kwa watu wazima na watoto wenye kilo 15 au zaidi, hasa pale ambapo kupaka vizuri ni kazi. Kipimo ni mikrogramu 200 kwa kila kilo: mwenye kilo 36 hadi 50 anameza miligramu 9, kilo 51 hadi 65 miligramu 12, kilo 66 hadi 79 miligramu 15, pamoja na chakula, na kurudia baada ya siku 7 hadi 14. Mjamzito asimeze, na mtoto wenu mdogo asipewe. Wasomaji wa Rungwe, Kyela na Ileje waliowahi kunywa ivermektini ya usubi (ugonjwa wa upofu unaoenezwa na nzi wa mtoni) kwenye ugawaji wa dawa wafahamu kwamba ile ni dozi moja ya kazi nyingine. Usihesabu kwamba umeshatibiwa upele.

Nguo na matandiko ya siku tatu za mwisho fueni kwa maji ya moto, nyuzi 60 hivi, au zifuliwe kawaida, zikauke juani na kupigwa pasi ya moto. Mablanketi mazito, makoti na masweta yasiyofulika yafungeni kwenye mfuko wa plastiki. Vitabu vingi vinasema siku tatu zinatosha, kwa sababu nje ya mwili kidudu hufa ndani ya siku moja hadi tatu kwenye joto la kawaida la chumba. Lakini baridi ikichanganyika na unyevu humwongezea siku za kuishi, ingawa chini ya nyuzi 20 anazubaa na hata kutambaa kunamshinda. Kwa Juni na Julai za Uyole, Njombe au Makete, mimi ningeacha mfuko umefungwa wiki nzima. Godoro litoeni juani, inatosha. Kupuliza dawa ya mbu chumbani hakusaidii kitu, na kuchoma godoro ni hasara tupu. Upele hupita hasa kwa ngozi kugusana na ngozi muda mrefu, kama watoto wanaolala kitanda kimoja kukwepa baridi.

Baada ya hapo, BBE basi. Nakuomba hili kwa msisitizo. BBE inaunguza ngozi, zaidi kwenye korodani, na ngozi iliyoungua nayo huwasha. Wapo wagonjwa ambao upele ulikwisha zamani, wanachougua sasa ni dawa, na kila wakiwashwa wanapaka tena. Sehemu ya muwasho wako inawezekana kabisa ni hiyo. Wiki ya kwanza na ya pili baada ya kuacha, paka vaselini asubuhi na jioni uone ni kiasi gani kinapungua chenyewe.

Ukishakamilisha mzunguko wa pili wa dawa nyumbani, siku moja au mbili baadaye ndipo unaanza kutibu vinundu. Dawa kuu ni krimu au marhamu ya steroidi, ile inayotuliza kinga. Steroidi zina nguvu tofauti, na ngozi nazo hazilingani. Ngozi ya mfuko wa korodani hunyonya steroidi takriban mara 40 kuliko ngozi ya mkono, kwa hiyo kinachofaa kwapani hakifai moja kwa moja pale. Kwa vinundu vya korodani na uume ningeanza na mometasoni ya asilimia 0.1 au betamethasoni valerati ya asilimia 0.1, mara moja tu kwa siku, usiku, kwa wiki mbili. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha vinundu vitatu. Gusa juu ya kinundu chenyewe kwa ncha ya kidole au kijiti cha pamba, usisambaze kwenye ngozi ya pembeni kama unapaka losheni. Kwa vya makwapani na cha kitovuni, betamethasoni hiyohiyo mara mbili kwa siku kwa wiki mbili inafaa. Klobetasoli ya asilimia 0.05 ina nguvu zaidi, na daktari anaweza kukuandikia kwa vinundu vinene, lakini usiitumie korodanini kwa uamuzi wako.

Baada ya wiki mbili, pumzika wiki moja au mbili ukiendelea na vaselini. Muwasho hupungua kwanza, mara nyingi ndani ya siku chache. Kinundu chenyewe hulainika polepole, wiki nne hadi nane. Kikilala kabisa huacha doa jeusi ambalo kwa ngozi zetu huchukua miezi kufifia. Doa hilo si ugonjwa, usilipake kitu. Kama vinundu vimepungua bila kuisha, mzunguko wa pili wa wiki mbili unaruhusiwa, lakini kwa kuonwa na daktari.

Sasa unaelewa kilichotokea na ile krimu ya mchanganyiko. Krimu hizi huwa na vitu vitatu: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi. Steroidi ndiyo iliyokupa nafuu ya wiki moja. Vile viwili vingine havikuwa na kazi, na dawa ya bakteria iliyomo inaweza yenyewe kuleta mzio wa ngozi. Tatizo kubwa ni kwamba watu huinunua tena na tena bila kujua kuna steroidi ndani, wanapaka kinena kizima miezi, ngozi inakuwa nyembamba, inachora mistari isiyofutika, mishipa inaonekana, na fangasi wa kinena wanaenea. Ukiwa umeitumia mara moja kwa wiki moja hujajiumiza. Usiirudie tu.

Krimu zikishindwa, zipo njia nyingine, nazo zinatofautiana kwa faida na gharama. Marhamu ya takrolimasi ya asilimia 0.1, mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa, hutuliza kinga bila kuifanya ngozi kuwa nyembamba, na kwa sehemu za siri hilo ni jambo kubwa. Huchoma siku za mwanzo, na bei yake huwakatisha wengi tamaa. Ukiweza kuipata kwenye famasia kubwa za mjini, ni chaguo zuri la pili. Sindano ya triamsinoloni ndani ya kinundu, miligramu 5 hadi 10 kwa mililita, tone dogo tu la kama mililita 0.1 kwa kinundu, hufanya kazi haraka kwa vinundu vichache vikaidi na inaweza kurudiwa baada ya wiki nne. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa ngozi, maana kipimo kikizidi ngozi hubonyea na kuwa nyeupe. Kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika nako kupo, lakini kwa ngozi nyeusi huacha mabaka meupe, na mimi nisingekimbilia njia hiyo. Kuvikata kwa upasuaji, hapana. Utabadilisha kinundu kitakachoisha kwa kovu lisiloisha. Vidonge vya prednisoloni hutuliza kwa siku chache na vikiisha muwasho hurudi, huku vikiamsha kisukari au kifua kikuu kilicholala. Kwa vinundu kumi na kimoja gharama hiyo haistahili.

Kwa usingizi wako, setirizini miligramu 10 jioni au klorofeniramini miligramu 4 wakati wa kulala zinasaidia kidogo, hasa klorofeniramini, zaidi kwa kukulaza kuliko kwa kuondoa muwasho wenyewe. Ukiendesha gari au bodaboda alfajiri, klorofeniramini iache. Kinachosaidia kuliko watu wanavyodhani ni namna ya kuishi na kipupwe. Maji ya moto sana yanatamanisha asubuhi ya baridi, lakini hukausha ngozi na kuamsha muwasho. Yawe ya uvuguvugu, sabuni laini, dakika chache. Vaselini ipakwe ngozi ikiwa bado na unyevu. Usikae umelikumbatia jiko la mkaa kisha ukaingia chini ya mablanketi matatu. Joto ndilo linaloamsha vinundu. Vaa chupi ya pamba isiyobana. Kinundu cha kitovuni kifunike kwa plasta usiku, kucha zisikifikie.

Kuhusu mke wako, naelewa uzito wa maswali yake, na ana haki ya kuuliza. Mwambie hivi: upele hupita kwa kugusana ngozi muda mrefu, kwa hiyo hupita kitandani pia, na kondomu haiuzuii. Lakini wenu mnajua ulikoingilia, na vinundu vyenyewe haviambukizi mtu. Pamoja na hayo, kinundu sehemu za siri hakitibiwi kwa kukisia. Nendeni wote wawili mpime kaswende na VVU. Nashauri hivyo kwa kila mtu mwenye vinundu mahali hapo, tena mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo yenye maambukizi ya VVU ya juu zaidi Tanzania Bara. Kaswende ya hatua ya pili huweza kuleta vinundu bapa, vyenye majimaji, visivyowasha sana. Matokeo mazuri yatawapa amani ambayo maneno yangu hayawezi kuwapa.

Usisubiri krimu ifanye kazi, nenda hospitali, ukiona haya: kinundu kinachokua haraka, kinachochimbika kidonda, kisichowasha kabisa au cha rangi ya zambarau, homa, usaha, au wekundu unaosambaa, uso kuvimba asubuhi na mkojo kuwa wa rangi ya chai, hasa kwa mtoto, kwa sababu bakteria wanaoingia kwenye vipele vilivyokunwa wanaweza kuleta madhara ya figo, au ngozi inayojaa magamba mazito mikononi na miguuni, hata kama hayawashi. Hayo ya mwisho ni upele wa magamba, wenye wadudu maelfu kwa maelfu, huwapata zaidi wenye kinga iliyoshuka, na unatibiwa kwa namna yake. Kwa anayesoma haya akiwa ameishi kando ya mito yenye usubi Rungwe au Kyela: uvimbe wa usubi hukaa chini ya ngozi, juu ya mifupa kama nyonga na mbavu, unateleza ukiubonyeza, wenyewe hauwashi wala kuuma. Ni kitu kingine.

Vinundu visipolainika baada ya miezi mitatu ya matibabu niliyoeleza, omba rufaa kwenye kliniki ya ngozi, hospitali ya mkoa au ya rufaa ya kanda. Huenda wakachukua kipande cha ngozi kwa uchunguzi. Ikifika hapo, hakikisha kwenye fomu imeandikwa kwamba ulikuwa na upele na lini, kwa sababu chini ya hadubini vinundu hivi vinaweza kufanana na saratani ya tezi za limfu, na mtaalamu wa maabara asiyejua historia yako anaweza kukutia hofu ya bure.

Kitu kimoja hukuuliza ila nalazimika kukisema, maana Uyole kuna ng'ombe wa maziwa karibu kila kaya: dawa ya kuogeshea mifugo na sindano ya ivermektini ya ng'ombe zisiguse ngozi yako wala ya watoto. Wala dizeli, wala maji ya betri. Korodani iliyoungua kwa dawa ya mifugo ni dharura, na dawa hiyo haitibu vinundu.

Mwanao akithibitika ana upele, asirudi bweni kabla ya kumaliza walau mzunguko wa kwanza, na aende na dawa ya mzunguko wa pili pamoja na maelezo ya tarehe ya kupaka. Mpigie simu patroni au matroni umweleze wazi, bila aibu, kwamba chumba kile kizima kinahitaji kutibiwa siku moja, pamoja na mashuka. Wasipofanya hivyo, Desemba atarudi nao tena, na kwa kuwa kinga yako sasa inawakumbuka wadudu hawa, wewe ndiye utakayewashwa wa kwanza nyumbani.